Kujenga bawa la balsa la ndege ya rimoti katika hewa ya Lamu

Mafundi wengi wanaoanza huogopa bawa kuvunjika. Linaloangusha ndege zaidi ni bawa lililosokotana, upande mmoja ukiwa na pembe tofauti na wa pili. Ndege hulala upande huohuo kila ukipunguza mwendo, na rekebisho la rimoti halitoshi. Hapa pwani hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu balsa hunyonya unyevu na kutanuka kwa upana wake, si kwa urefu. Ukiibandika imetanuka, itakapokauka italivuta bawa zima. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inalenga kulizuia hilo.

Bawa tunalojenga ni la ndege ya kujifunzia ya gramu 900 hadi 1000 yenye eleroni, yaani vibawa vya ukingo wa nyuma vinavyoilaza ndege kulia au kushoto. Lina urefu wa milimita 1200 ncha hadi ncha na upana wa 200 kote, yaani desimita za mraba 24. Vipimo vyote vinavyofuata ni vya milimita, isipokuwa pakitajwa kingine.

Kuchagua mbao

Balsa nyingi duniani hutoka Ekwado, na Lamu hufika kwa kuagizwa. Agiza mbao 5 za unene wa 1.5, mbao 2 za unene wa 2 na mmoja wa 3, zote za 100 × 915. Ongeza fito 2 za 10 × 15 za ukingo wa mbele, na fito 2 za umbo la kabari za 40 × 10 za ukingo wa nyuma. Plaiwudi ya 3 utaipata hapahapa.

Zikifika, pima kila ubao kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Ubao wa 1.5 × 100 × 915 una ujazo wa sentimita za ujazo 137. Wenye gramu 14 hadi 17 ni mwepesi na unafaa kufunika bawa. Uliozidi gramu 20 ni mgumu, uuweke kwa vibao vya kuunganisha boriti, zile fito ndefu zinazobeba mzigo wa bawa. Oanisha mbao za uzito sawa kwa bawa la kulia na la kushoto.

Kisha tazama uso wa ubao. Wenye madoa yanayong'aa kama magamba ya samaki ni mkakamavu na hupasuka ukiukunja: huo ni wa mbavu, vile vipande vinavyolipa bawa umbo lake. Wenye mistari mirefu isiyo na madoa hukunjika kwa upana bila kulalamika: huo ni wa kufunika pua ya bawa, yaani sehemu yake ya mbele. Ukizibadilisha nafasi, pua itapasuka mikononi mwako na mbavu zitayumba.

Boriti za bawa hazina haja ya kuagizwa. Seremala mwenye msumeno wa meza atakupasulia fito za msonobari za 6 × 3, urefu wa 620. Unahitaji 4, mwambie akupasulie 8. Nyuzi za mbao ziende sambamba na ufito mwanzo hadi mwisho. Zikitokea ubavuni, hapo ndipo utakapokatika. Pinda kila ufito kwa mikono miwili na uchague inayopinda kwa duara sawasawa. Utakaovunjika, bora uvunjikie mezani.

Hifadhi balsa ikiwa imelala bapa ndani ya nailoni iliyofungwa, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Ghorofa ya chini ya nyumba ya mawe huwa na unyevunyevu, kwa hiyo fanyia kazi juu, na usiache ubao wazi dirishani usiku.

Meza na mbavu

Meza iwe bapa kabisa. Kipande cha mlango wa flashi (si ule wa nakshi!) kinafaa kuliko ubao mzito, kwa kuwa hakipindi upesi. Vuta uzi kona hadi kona kuhakikisha. Juu yake weka ubao laini wa dari unaopokea pini za fundi cherehani, kisha mchoro wa bawa, kisha nailoni nyembamba ili gundi isishike mchoro.

Umbo la ubavu ni Clark Y, lililochorwa na Mmarekani Virginius Clark mwaka 1922. Ndege ya Spirit of St. Louis iliyovuka Atlantiki mwaka 1927 ilitumia umbo hilo. Faida yake kwa mjenzi ni kwamba tumbo lake ni bapa kuanzia 60 kwenda nyuma, hivyo hulala mezani lenyewe. Kwa bawa la upana wa 200, kimo cha mgongo kutoka mezani ni 15.8 ukiwa 10 kutoka puani, 19.2 kwenye 20, 22.7 kwenye 40, 23.4 kwenye 60, 22.8 kwenye 80, 21.0 kwenye 100, 18.3 kwenye 120, 14.7 kwenye 140 na 10.4 kwenye 160. Tumbo linapanda kidogo mbele: 0.8 kwenye 20 na 1.9 kwenye 10. Ncha ya pua iko 7 juu ya meza.

Ubavu wenyewe unaanzia 10 na kuishia 157. Punguza 1.5 juu na 1.5 chini, kwa sababu kifuniko cha balsa kitairudisha nafasi hiyo. Wanaosahau hili hupata bawa nene kwa milimita 3, na ukingo wa mbele usiokutana na chochote.

Kata vigezo viwili vya plaiwudi vinavyofanana. Bana vipande 24 vya balsa ya 2 katikati yake kwa bolti mbili nyembamba, piga randa, kisha msasa namba 120, mpaka uguse vigezo pande zote. Vikiwa bado vimebanwa pamoja, toboa mifuo ya boriti juu na chini: upana 6, kina 3, kuanzia 57 hadi 63. Mfuo uingize ufito kwa kusukumwa na kidole. Ukilegea, gundi inakuwa kijazo, na kijazo hakibebi mzigo. Kila upande unatumia mbavu 11, moja kila baada ya 60. Mbili zinazobaki ni akiba.

Kuunganisha upande mmoja

Bana mezani kwa pini kifuniko cha chini cha 1.5, kutoka 10 hadi 63, na chini ya ukingo wake wa mbele lalisha ufito wa unene wa 2 ili kifuate mpando wa tumbo. Nyuma yake panga vipande vya 1.5 × 6 chini ya kila ubavu. Bandika boriti ya chini, kisha simamisha mbavu moja moja kwa skwea. Ubavu wa kwanza, ule wa katikati ya ndege, usisimame wima: kichwa chake kiegemee upande wa ncha kwa pembe ya nyuzi 2, yaani 0.7 hivi, ili pande mbili zikutane vizuri mabawa yakiinuliwa. Weka boriti ya juu, ukingo wa mbele, na ufito wa nyuma wa 3 × 11 unaoshika miisho ya mbavu.

Kwa kazi hii gundi nyeupe ya mbao ni bora kuliko supaglu. Supaglu hukazwa na unyevu, kwa hiyo Lamu hushika kabla hujanyoosha kitu, na chupa iliyofunguliwa huharibika mapema. Itunze kwenye friji ndani ya kopo lenye vifuko vya kunyonya unyevu, na usiifungue mpaka ipate joto la chumba, la sivyo umande utaingia ndani. Gundi nyeupe nayo hukawia kukauka hapa. Ipe usiku mzima, na ufute inayomwagika, kwa sababu ikikauka msasa huiruka na kula balsa iliyo pembeni.

Sasa vibao vya kuunganisha boriti: vipande vya 1.5, kimo 20 na upana 58, vinabandikwa nyuma ya boriti zote mbili kati ya kila jozi ya mbavu. Nyuzi zake lazima zisimame wima. Bawa likibeba mzigo, boriti ya juu husukumwa na ya chini huvutwa, na kibao hicho ndicho kinachozizuia zisisogeleane. Nyuzi zikilala, kibao hujikunja na boriti ya juu hupinda kati ya mbavu. Vibao hivi ni gramu 5 au 6 hivi kwa bawa zima, na bado ndivyo watu huvikwepa kwa hoja ya uzito.

Msokoto, kabla ya kufunga pua

Hapa usikimbilie. Mpaka sasa bawa bado linasokoteka kwa vidole. Kifuniko cha juu kikishabandikwa, pua inakuwa sanduku lililofungwa na pembe yoyote iliyokuwepo inabaki humo milele. Ndiyo maana msokoto wa makusudi unatiwa sasa: chomoa pini, ingiza kabari ndefu chini ya ufito wa nyuma, 0 kwenye ubavu wa kwanza na 3 kwenye ncha, kisha rudisha pini na vizito. Ncha inakuwa na pembe ndogo kuliko kati, kwa hiyo mwendo ukipungua sehemu ya kati hupoteza mbebo (nguvu ya hewa inayoliinua bawa) kwanza, na eleroni bado zinasikia. Tumia kabari ileile pande zote mbili. Tofauti ya milimita moja tu kati ya kulia na kushoto utaiona hewani.

Kifuniko cha juu kilowanishwe upande wa nje tu kwa maji ya moto. Chenyewe kitaanza kujikunja. Kifunge kwenye pua kwa utepe bila gundi, ukiache kikauke kabisa, ndipo ukibandike kuanzia ukingo wa mbele hadi katikati ya boriti. Kikibandikwa kibichi kitasinyaa na kuzama kati ya mbavu, na bawa litaonekana lina njaa. Usifunike 120 za kwanza upande wa katikati. Hapo unahitaji nafasi ya kiungo. Malizia na vipande vya 1.5 × 6 juu ya mbavu, na uliache bawa mezani hadi kesho yake.

Kiungo cha katikati

Kata plaiwudi ya 250 × 20, iliyopinda katikati kwa jumla ya nyuzi 4. Inakaa mbele ya boriti, uso kwa uso nazo, na inafika ubavu wa tatu kila upande. Mbavu hizo tatu zikatwe mahali plaiwudi inapopita, na pua zake zibandikwe upya juu yake. Lalisha upande mmoja mezani, inua ncha ya pili 42, paka epoksi ya kukauka polepole, bana kwa vibanio vya nguo. Epoksi ya dakika tano haifai, kwa joto letu huganda ukiwa bado unatafuta kibanio. Ikishakauka, funika sehemu uliyoacha wazi.

Sevo mbili za gramu 9, yaani mota ndogo za kusukuma eleroni, zinakaa nyuma ya boriti kwenye ubavu wa tano. Kata eleroni za urefu wa 400 kutoka kwenye ile kabari ya ukingo wa nyuma, chonga ukingo wake wa mbele kwa nyuzi 45, tia bawaba tatu kila moja. Kabari inayobaki ibandikwe nyuma ya ule ufito wa 3 × 11. Chonga ukingo wa mbele wa bawa kwa kigezo, si kwa jicho. Bila sevo wala filamu (plastiki nyembamba ya kufunika bawa), bawa liwe karibu na gramu 150. Likizidi 180, ulitumia balsa nzito au gundi nyingi.

Jaribio na filamu

Kabla ya kufunika, weka viegemeo viwili vilivyovikwa kitambaa chini ya boriti, kila kimoja 300 kutoka katikati, na juu ya kiungo pandisha pakiti mbili za unga za kilo 2, taratibu. Mzigo huo unaikunja sehemu ya kati sawa na ndege ya kilo moja ikigeuka kwa nguvu ya mara nne ya uzito wake. Bawa litapinda kidogo na kurudi. Ukisikia mlio, tafuta kibao cha boriti kilichoachia.

Piga msasa 240, futa vumbi, kisha pasi filamu siku kavu: tumbo kwanza, mgongo baadaye, zikipandana 5. Fuata joto lililoandikwa na mtengenezaji. Pasi ya mkaa haidhibitiki, iache. Kaza juu na chini kwa zamu, kwani ukimaliza upande mmoja wote kwanza, filamu italivuta bawa. Kisha liangalie kutoka nyuma kwa jicho moja. Ncha ikiwa imesokota zaidi ya ile 3, mtu mmoja alisokote upande wa pili kupita kiasi huku mwingine akipitisha pasi, na alishike hivyo mpaka filamu ipoe. Rudia ukaguzi huu msimu wa kusi na mvua zake unapoingia, hata kama ndege ilikuwa imetundikwa tu.

Uzito wa ndege usawazike 50 hadi 60 nyuma ya pua ya bawa, na usirushe bila kuuliza kanuni za KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya: uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo tu ya mkondo.