Somo: Namna ya kutafiti mgomo au maandamano, hatua kwa hatua, kwa mfano wa Mombasa 1947

Somo hili nimeliandaa kwa ajili ya wanachama wanaojitayarisha kuandika tasnifu, hasa wale walionieleza kwamba wamechagua mada ya maandamano lakini hawajui waanzie wapi. Nitashika tukio moja tangu mwanzo hadi mwisho, yaani mgomo mkuu wa Mombasa ulioanza tarehe 13 Januari 1947, ambapo wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi kwa karibu majuma mawili: makuli wa bandarini, watu wa reli, wahudumu wa hoteli, hata watumishi wa majumbani. Nimeuchagua kwa kuwa karibu kila tatizo linalomsumbua mtafiti wa maandamano limo ndani yake, na kwa kuwa lugha yake ilikuwa Kiswahili, jambo ambalo lina uzito kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Hatua ya kwanza: pima jina la tukio kabla hujaliandika

Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alileta rasimu ambayo ukurasa wake wa kwanza ulitumia neno "fujo" mara sita. Nilipomuuliza amelitoa wapi, alijibu kwamba ndilo lililomo katika nyaraka alizosoma. Hapo utafiti ulikuwa umekwisha kuegemea upande mmoja kabla haujaanza, kwa maana mgomo, maandamano, ghasia, machafuko na uasi si majina matano ya kitu kimoja. Kuandamana ni kufuatana, watu wakienda pamoja. Kugoma ni kukataa. Lakini fujo ni hukumu ya mtu aliyekuwa akitazama kutoka mbali, na mara nyingi mtu huyo alikuwa na bunduki au kalamu ya serikali. Andika orodha ya majina yote ambayo tukio lako lilipewa, na mbele ya kila jina uandike ni nani alilitumia, lini, na akizungumza na nani. Kwa Mombasa, usiache kuandika jina la mahali pia: wagomaji walikuwa wakikutana kila siku kwenye uwanja uliojulikana kama Kiwanja cha Maskini. Jina hilo ni ushahidi, kwa sababu linaeleza watu walijihesabu kuwa kundi gani.

Hatua ya pili: uliza kwa nini wakati ule

Swali la kwa nini watu waligoma ni jepesi mno, na jibu lake hujulikana hata kabla ya kufungua jalada. Mishahara ilikuwa midogo, bei za vitu zilipanda wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, na nyumba zilikuwa haba. Yote ni kweli, lakini yalikuwa kweli mwaka 1945 pia. Mtaalamu wa Marekani Ted Gurr alieleza kwamba watu huinuka pale pengo linapopanuka baina ya kile wanachoamini ni haki yao na kile wanachokipata. Wenzake waliomfuata, akiwemo Charles Tilly, walimjibu kwamba manung'uniko yapo kila mahali, na kwamba kinachotofautisha mahali pamoja na pengine ni uwezo wa watu kujikusanya, pamoja na mbinu ambazo tayari wamezizoea.

Mombasa inawapa haki wote wawili, ila mimi naona Tilly anasaidia zaidi. Bandari ya Kilindini ilitegemea vibarua, watu walioajiriwa kwa siku moja moja (neno lenyewe latokana na barua, ile karatasi ndogo ya kuonyesha kwamba mtu amefanya kazi). Waajiri waliupenda utaratibu huo kwa sababu uliwapunguzia gharama. Hata hivyo, kibarua hakuwa na ajira ya kudumu ambayo mwajiri angemtishia kumnyang'anya. Akitaka kugoma, hakuhitaji zaidi ya kutokwenda kujiandikisha asubuhi. Isitoshe, makuli wa Mombasa walikuwa wamegoma mwaka 1934 na tena mwaka 1939, kwa hiyo mwaka 1947 hawakuwa wakijaribu jambo geni. Mtafiti anayeanza na siku ya 13 Januari atadhani mgomo ulizuka ghafla, ilhali anayeanza miaka kumi na mitatu nyuma ataona desturi iliyojengwa na watu waliokuwa wakifundishana.

Hatua ya tatu: soma nyaraka ukimtazama aliyeziandika

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika.

Nyaraka za mgomo huu zimetawanyika. Zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Kenya iliyoko Moi Avenue, Nairobi, na zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, ndani ya majalada ya Wizara ya Makoloni ya Uingereza ambayo kwa Kenya yana alama CO 533. Pia lipo fungu lenye alama FCO 141, majalada ambayo Waingereza waliyaondoa makoloni yalipokaribia uhuru na kuyaficha kwa miongo mingi. Kuwepo kwake kulikiriwa mwaka 2011, wakati wazee wa Kenya waliokuwa wameteswa siku za Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza. Ongeza magazeti, kama Mombasa Times la Kiingereza na Baraza la Kiswahili lililoanzishwa mwaka 1939, ukikumbuka kwamba Baraza lilitolewa na kampuni ileile iliyomiliki gazeti kubwa la walowezi, East African Standard.

Sasa fikiria hotuba iliyotolewa Kiwanja cha Maskini ilivyosafiri. Msemaji alisema kwa Kiswahili mbele ya maelfu. Mtu aliyetumwa kusikiliza alikumbuka alichoweza, akamweleza ofisa. Ofisa akafupisha kwa Kiingereza, akachagua yale yaliyohusu usalama, akayapeleka kwa mkubwa wake, naye akafupisha tena kwa ajili ya London. Wewe leo unasoma sentensi moja ya Kiingereza, unaifasiri kwa Kiswahili, kisha unaiweka ndani ya alama za kunukuu kana kwamba ndivyo kiongozi alivyotamka. Hilo ni kosa kubwa, nami nawasihi msilifanye. Maneno yale ni ya kwako. Ya kwake yamepotea. Andika kwamba taarifa ya ofisa inadai msemaji alisema hivi na hivi, na pale ambapo neno la Kiswahili limeachwa bila kufasiriwa ndani ya taarifa, lishike kwa mikono miwili, kwa kuwa huenda ndilo neno pekee lililopona njiani.

Bahati nzuri wagomaji nao walikuwa na sauti iliyoandikwa. Chama chao, African Workers' Federation, kilichoongozwa na Chege Kibachia, kilieleza madai ambayo hayakuishia kwenye shilingi. Walitaka malipo sawa kwa kazi sawa bila kujali rangi, posho kwa ajili ya wake na watoto, na walilalamikia dharau waliyoonyeshwa kazini. Ukisoma ripoti za serikali peke yake, utatoka na hoja ya mshahara na bei ya unga. Neno dharau utalikosa, na bila neno hilo huwezi kueleza kwa nini mtumishi wa nyumbani na kuli wa bandarini, ambao hawakuwa na mwajiri mmoja wala mshahara mmoja, waliacha kazi pamoja.

Hatua ya nne: sikiliza wazee na watoto wao

Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1947 leo amekaribia mia, kwa hiyo sehemu kubwa ya masimulizi utayapata kwa watoto na wajukuu. Usiyadharau, lakini usiyachukue kama picha ya siku ile. Simulizi ya mtoto inakueleza jinsi mgomo ulivyokumbukwa nyumbani, nani alitajwa kwa fahari na nani jina lake lilinyamaziwa. Muulize mama alifanya nini siku zile baba alipokuwa hana mshahara, kwa kuwa mgomo wa karibu majuma mawili hulishwa na mtu, na mtu huyo ni nadra sana kuonekana katika majalada.

Kabla ya yote hayo, pata kibali. Nchini Kenya kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI, na Tanzania na COSTECH, yaani tume za sayansi na teknolojia za nchi hizo, na chuo chako kitataka pia idhini ya kamati ya maadili.

Hatua ya tano: linganisha, kisha ufuate yaliyotokea baadaye

Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma na mgomo ukapanda na reli kuelekea bara. Mwaka 1948 Unguja nayo ikapata mgomo mkuu ulioanzia bandarini. Pwani ile ilikuwa na vyombo vinavyopita, mabaharia, barua na jamaa waliooleana, hivyo mtu anayetafiti bandari moja bila kutazama nyingine amekata mshipi katikati.

Ulinganisho usiishie kwenye siku za mgomo. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, alikwenda Mombasa kuwashawishi wagomaji warudi kazini kwa ahadi kwamba madai yao yangesikilizwa, na serikali ikaunda baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker, yule yule ambaye baadaye aliendesha kesi ya Kapenguria iliyomfunga Jomo Kenyatta. Baadhi ya mishahara iliongezwa. Kisha Agosti 1947 Kibachia akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Baringo, ambako alizuiliwa kwa karibu miaka kumi. Je, mgomo ulishinda au ulishindwa? Jibu lategemea unafunga daftari mwezi gani, na ni wajibu wako kumweleza msomaji kwa nini umelifunga mwezi huo na si mwingine.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tanga: Shikamoo mwalimu. Mimi nataka kutafiti maandamano ya Kenya ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, ule uliopendekeza kodi mpya. Je, hatua hizi zinafaa kwa tukio ambalo nyaraka zake ziko kwenye simu za watu?

Jibu: Marahaba. Zinafaa, ila hatua ya tatu inageuka. Mwaka 1947 tatizo ni uchache wa sauti za waandamanaji. Mwaka 2024 ni wingi wake. Vijana walijadiliana mswada kwenye X na TikTok, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani, na mazungumzo hayo yanaweza kufutwa wakati wowote. Hifadhi unachokiona pamoja na tarehe, saa na mazingira yake. Kumbuka pia kwamba mtandao unaonyesha waliokuwa na data na muda. Mama mboga aliyefunga kibanda chake tarehe 25 Juni huenda hakuandika neno lolote.

Mwanachama wa Nairobi: Mwalimu, idadi za waliouawa zinatofautiana. Niandike ipi?

Jibu: Andika zote, kila moja pamoja na aliyeitoa na tarehe yake. Tarehe 30 Juni 2024 Rais Ruto alitaja vifo 19 katika mahojiano ya televisheni. Kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ikasema 39. Tofauti hiyo ni sehemu ya utafiti wako. Uliza kila upande ulihesabu kuanzia siku gani, katika kaunti zipi, na ulimhesabu nani. Usichukue wastani wa namba hizo mbili, kwa maana hakuna aliyekufa kwa wastani.

Mwanachama wa Morogoro: Je, kuna njia ya kukadiria ukubwa wa umati bila kutegemea polisi wala waandaaji?

Jibu: Ipo, nayo ni ya zamani. Miaka ya 1960 Herbert Jacobs, aliyefundisha uandishi wa habari Berkeley, Marekani, aligawa picha ya umati kwa miraba na kuhesabu watu katika miraba michache. Kwa kadirio lake, umati uliolegea huwa na takribani mtu mmoja kwa kila mita moja ya mraba, na uliobanana watu wawili na zaidi kidogo. Pima eneo kwenye ramani, zidisha, kisha utoe makadirio ya chini na ya juu badala ya namba moja. Njia hii hulegea kwa umati unaotembea, kwa sababu watu huingia na kutoka njiani.

Mwanachama wa Bujumbura: Nina mahojiano na vijana walioandamana. Wengine wanataka majina yao yatajwe kwa sababu wanajivunia walichofanya. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu yangu, fahari yao iheshimu, lakini usikubali haraka. Anayekuruhusu leo hajui serikali ya miaka mitano ijayo itasoma nini katika tasnifu yako. Mweleze hilo waziwazi, mpe muda, mrudie baada ya majuma kadhaa umwulize tena. Ukiwa na shaka, ficha jina, mtaa na kazi yake pia, kwa kuwa katika mtaa mdogo fundi cherehani mmoja aliyeandamana hutambulika hata bila jina. Weka sauti za mahojiano mahali penye nywila, na orodha inayounganisha majina na namba usiihifadhi pamoja na sauti hizo. Nchini Kenya jambo hili lina sheria, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na hata pale ambapo sheria haikubani, yule kijana amekuamini.

Mwanachama wa Mombasa: Babu yangu alikuwa kuli Kilindini na alishiriki mgomo wa 1947. Je, mimi mjukuu nafaa kuutafiti, au nitaonekana nina upande?

Jibu: Wafaa sana, dada. Liseme hilo katika utangulizi wako, kisha lifanyie kazi. Anza na nyumbani kwenu: uliza kama kuna kipande cha babu (kitambulisho cha enzi za ukoloni), cheti cha kazi, picha, au barua iliyowekwa ndani ya Msahafu au sandukuni. Andika masimulizi ya kila mjukuu peke yake, bila kuwakalisha pamoja, ili uone wanapotofautiana. Halafu nenda kwenye majalada ukatafute siku zilezile alizozisimulia. Na kama babu alirudi kazini kabla ya wenzake, liandike hilo pia kwa uangalifu uleule, pamoja na sababu zake.