Siku mbili Lushi na watoto wadogo: namna ya kupanga mapumziko yasiyochosha

Familia nyingi zinazotoka Likasi, Kolwezi, Kipushi au Kasumbalesa kuja kupumzika Lubumbashi (Lushi) wikendi moja zinarudi nyumbani zimechoka kuliko zilivyotoka. Sababu karibu kila mara ni ileile: ratiba ilipangwa kwa miguu ya watu wazima. Mtoto wa chini ya miaka sita ana nguvu za saa mbili hadi tatu asubuhi. Mchana anahitaji kulala, au angalau kutulia penye kivuli. Jioni anapata tena saa moja na nusu ya furaha, halafu giza linaingia na kilio kinaanza. Pangeni kila kitu juu ya saa hizo: shughuli moja asubuhi, kitu chepesi jioni, na kitanda katikati. Anayetaka kumaliza zoo, makumbusho, soko na kuwasalimia mashangazi watatu katika siku moja, heri awaache watoto kwa bibi yao.

Mwezi wa kuja

Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hali yake ya hewa huwashangaza wanaotoka mabondeni. Juni na Julai usiku baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10, na vyumba vingi havina cha kuvipasha joto. Mtoto atahitaji soksi, kofia ya sufu na blanketi lake mwenyewe. Agosti na Septemba vumbi ni jingi na moshi wa nyasi zinazochomwa pembeni mwa mji huwatesa wenye pumu. Oktoba ni joto kali kabla ya mvua. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua hupenda kupiga mchana na jioni, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoka asubuhi.

Kwa wenye watoto ambao hawajaanza shule, Mei ndiyo bora kuliko yote: mvua zimekwisha, majani bado ni mabichi, na baridi haijauma. Wenye wanafunzi watumie likizo ya Pasaka au wikendi ndefu ya Mei mosi.

Barabara

Likasi iko kilomita 120 hivi, Kolwezi kama 300, zote kwenye barabara kuu namba 1. Kinachochelewesha si umbali. Ni malori ya madini na ya asidi, foleni za peaji (mahali pa kulipia barabara), na lori moja lililoharibika mlimani. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi, mwanga ukishaanza. Anayetoka Kolwezi apumzike Likasi nusu saa nzima, watoto wateremke wakimbie, si kunywa soda ndani ya gari. Hesabu ya kufuata ni kusimama kila baada ya saa moja na nusu au mbili. Msipange kabisa kufika usiku: kutafuta hoteli gizani na mtoto aliyelala begani ndiyo namna mbaya zaidi ya kuanza mapumziko.

Mkipanda basi dogo, epukeni siti ya mbele karibu na dereva. Katika Hiace injini iko chini ya siti hizo, sakafu inachoma, na mtoto hutapika kwa joto na harufu ya mafuta. Mstari wa pili, upande wa dirisha, ndio mzuri. Mlipieni mtoto siti yake, maana saa tano za kupakatwa humchosha mama na mtoto pia. Kwa gari la nyumbani, mtoto akae nyuma, afungwe mkanda au kiti chake. Kumpakata mbele ni hatari hata kwa mwendo wa polepole.

Kifungua kinywa cha njiani kiwe kikavu na chepesi: ndizi, mkate, mahindi ya kuchemsha. Beignet zenye mafuta mengi kabla ya kona za barabara huishia kwenye nguo. Mayai ya kuchemsha yaliwe ndani ya saa mbili, yasibaki kwenye mfuko hadi mchana. Chukueni lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, hata kama mnaamini mtafika mapema. Na katika mkoba wa mkononi, si katika valizi, kuwe na nguo kamili moja ya kila mtoto, mifuko mitatu ya plastiki ya kutapikia na kitambaa chenye maji.

Wanaotoka Kinshasa kwa ndege wakumbuke kwamba saa ya Lubumbashi iko mbele kwa saa moja. Mtoto aliyezoea kulala saa mbili usiku atakuwa macho hadi saa tatu ya huku. Msigombane naye, siku ya kwanza chelewesheni chakula cha jioni kwa nusu saa.

Mahali pa kulala

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi wa kupanga, kwa sababu chumba kibaya hakirekebishwi na matembezi mazuri. Kwa wasio na gari, katikati ya mji, katika komini ya Lubumbashi, ni pazuri: makumbusho, jengo la théâtre na kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo haviko mbali. Wenye gari na watoto wa chini ya miaka minne watapata utulivu zaidi upande wa Golf, kunako hoteli ya Karavia, penye miti na nafasi. Nyumba za wageni za mapadri na masista nazo zifikiriwe: geti hufungwa mapema, hakuna muziki, na mara nyingi kuna uwanja wa ndani ambamo mtoto anaweza kukimbia bila kukutana na pikipiki.

Kelele ndiyo adui mkubwa. Ijumaa usiku kuna mikesha ya maombi yenye vipaza sauti, na bar za jirani hazilali. Pigeni simu kabla ya kulipa chochote, na ulizeni moja kwa moja: “Papa, chumba inaangalia barabara ao inaangalia ndani? Umeme ikikatika, munawasha gurupu mpaka saa ngapi? Maji ya moto iko kila saa ao asubui tu?” Jibu la gurupu (jenereta) ni muhimu kwa anayehitaji kupasha maziwa usiku, kama inazimwa saa nne, njooni na thermos ya lita moja. Ulizeni pia kama bei ni ya chumba au ya mtu, na mtoto anaanza kulipiwa akiwa na umri gani. Muombe chumba cha chini: ngazi na balkoni zenye vyuma vilivyoachana huondoa usingizi wa wazazi.

Chandarua msikitegemee. Leteni chenu pamoja na kamba ya mita nne. Kinafungwa kwenye bomba la pazia na mlango wa kabati, kisha kinachomekwa chini ya godoro pande zote. Mkiingia chumbani, kabla ya kufungua valizi, mzazi mmoja apige magoti aangalie chumba kutoka kimo cha mtoto: soketi zilizo wazi, dawa ya mende nyuma ya mlango, ndoo ya maji iliyojaa bafuni. Ndoo imwagwe. Mtoto mchanga anazama katika maji ya kina cha kiganja.

Ijumaa ya kufika

Hakuna shughuli. Mkifika saa tano au sita, kuleni, laleni, kisha zungukeni mtaa wa karibu jioni. Duka la mkate na maji ya chupa vitafutwe siku hiyo, pamoja na famasi ya karibu na dereva mmoja wa teksi ambaye mtachukua namba yake. Dereva mmoja wa siku zote mbili ni bora kuliko teksi sita tofauti. Anazoea watoto, na anajua kusubiri. Pikipiki zenye watoto wawili na mama nyuma zinaonekana kila kona ya mji, lakini msiige.

Hela zigawanyeni mapema. Franga ndogondogo za teksi na matunda zikae mfuko mmoja. Dola za hoteli zikae kwingine, na ziwe safi, kwa kuwa noti iliyochanika hata milimita chache hukataliwa.

Jumamosi

Zoo ya Lubumbashi ndiyo asubuhi yenyewe. Thibitisheni saa za kufungua kupitia mapokezi ya hoteli jioni ya Ijumaa, kisha fikeni mapema, saa mbili na nusu au saa tatu. Wakati huo wanyama wanatembea, jua bado ni la upole, na vikundi vya vijana havijafika. Ikifika saa tano wanyama wamelala, na mtoto anaona migongo tu. Msizunguke vizimba vyote. Mwacheni kila mtoto achague wanyama watatu, na mbele ya kila mmoja mkae dakika kumi: anakula nini, ana vidole vingapi, anapumua kwa tumbo au kwa kifua. Mtoto wa miaka mitatu anayekaa dakika kumi na mnyama mmoja hupumzika. Anayeburutwa kizimba kwa kizimba hulia. Simameni hatua mbili kutoka kwenye nyavu, na matunda yenu yabaki kwenye mkoba.

Lubumbashi ina pia kimbilio la sokwe mtu, J.A.C.K., lililoanzishwa 2006 kwa ajili ya sokwe walionyang'anywa wawindaji na wafanyabiashara. Mkitaka kwenda, ulizeni kwanza kama wanapokea wageni. Mtoto mwenye mafua asipelekwe kabisa: mafua ya binadamu huwaambukiza sokwe na yanaweza kuwaua. Hilo watoto wa miaka mitano wanalielewa vizuri wakielezwa.

Saa tano na nusu rudini. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaona watoto bado wana furaha, wanaongeza soko. Saa saba mtoto ameanguka kwenye uchovu, na usingizi wa mchana umepotea.

Chakula cha mchana agizeni kwa simu mkiwa bado zoo. Bukari (ugali) na samaki wa kuchoma huchukua dakika 40 hadi saa nzima jikoni, na hakuna mtoto wa miaka miwili anayesubiri hivyo. Sombe (kisamvu) na lengalenga (mchicha) ziombwe bila pilipili, pilipili ije pembeni. Katika samaki wa tilapia mpeni mtoto nyama nene ya mgongoni, iliyochambuliwa kwa vidole na si kwa uma, maana kidole huhisi mfupa. Munkoyo ni kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, na ni kitamu, ila huchacha haraka, na maji yaliyotumika hamuyajui. Wadogo wapewe ule uliotengenezwa nyumbani kwa mtu mnayemfahamu, siku ileile.

Jioni, kuanzia saa tisa na nusu, bwawa la kuogelea au bustani ya hoteli inatosha. Kipimo cha bwawa ni rahisi: tupeni sarafu upande usio na kina kirefu. Kama haionekani chini, msiingie. Mzazi awe ndani ya maji, mkono wake ukimfikia mtoto, simu ikiwa imebaki kwenye kiti. Juni na Julai maji ni baridi mno. Dakika kumi zinatosha, na midomo ikianza kutetemeka mtoeni. Mwezi wa sita jua linatua kabla kidogo ya saa kumi na mbili, kwa hiyo mikono mirefu ivaliwe saa kumi na moja, kabla ya mbu.

Kama timu ya mpira ya TP Mazembe inacheza nyumbani, angalieni ratiba kabla ya kupita Kamalondo, uliko uwanja wake. Mitaa hujaa, na kelele za uwanja ni nzito kwa masikio ya mtoto mdogo. Wa miaka saba na zaidi atafurahi. Wengine watosheke na jezi nyeusi na nyeupe.

Makumbusho yawe akiba ya asubuhi ya mvua, au ya mchana kwa mtoto asiyelala. Dakika 40 zinatosha. Nendeni moja kwa moja kwenye misalaba ya shaba: vipande vizito vyenye mikono minne, vilivyomiminwa katika kalibu na wafua shaba wa Katanga na kutumika kama pesa karne nyingi kabla ya franga. Ncha za mikono zimepanuka kidogo, na uso wake una mikwaruzo ya mchanga. Muulizeni mtoto angebeba mingapi kwenda kununua kuku.

Bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, na mlima mweusi wa mabaki yake huonekana kutoka sehemu nyingi za mji, na watoto huuliza. Uangalieni kwa mbali. Vumbi la maeneo ya madini hubeba metali, na mtoto ndiye anayelila zaidi, kwa kuwa anachezea ardhi kisha anatia vidole mdomoni. Sabuni kabla ya kila mlo, kucha fupi, viatu mlangoni. Na msipige picha za askari, uwanja wa ndege wala ofisi za serikali.

Mtoto akiugua

Chukueni pakiti nne za ORS, unga wa kuchanganya na maji kwa mtoto anayeharisha. Zikikosekana: maji safi lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kisha mtoto anyweshwe kidogokidogo kwa kijiko. Paracetamol hupimwa kwa kilo, si kwa umri: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita, si zaidi ya mara nne kwa siku. Kwa dawa yenye miligramu 120 katika mililita 5, mtoto wa kilo 10 hupata mililita 6. Someni chupa, kwa sababu nguvu hutofautiana. Homa yoyote ipimwe malaria siku hiyohiyo. Msingoje kurudi nyumbani. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa, au yeyote anayekataa kunyonya, anayetapika kila kitu au kupata degedege, apelekwe hospitali mara moja, usiku ama mchana.

Jumapili ya kuondoka

Hoteli ilipwe Jumamosi jioni, na valizi zifungwe watoto wakishalala, isipokuwa pempasi: sita hadi nane kwa siku kwa wa chini ya mwaka mmoja, na tatu za akiba ya barabara. Misa ya kwanza ni fupi kwa watoto kuliko ile ya kwaya kubwa. Baada yake, uji na saa moja ya kukimbia uwanjani, halafu njia. Ondokeni kabla ya saa tano, ili usingizi wa mchana uangukie garini. Wa Kolwezi, hata saa tatu isipite.