SOMO: Umepigwa faini au umedaiwa na serikali bila kufikishwa mahakamani? Soma hapa kabla hujasaini

Habari zenu wakuu. Hili somo nimelichelewesha sababu natunza hesabu za maduka madogo pale Kariakoo na mwisho wa mwezi napumulia juu juu. Ila ndani ya wiki hii moja watu wanne wamenifuata na karatasi mkononi wakiwa na swali lile lile, hivi hawa wanaweza kunichukulia hela yangu bila hakimu?

Wanaweza. Sheria za Bunge zimewapa hiyo nguvu, tena taasisi nyingi tu. Lakini nguvu yenyewe ni ya aina mbili na watu wanazichanganya, ndo maana wanaumia. Kuna FAINI YA KOSA, hii ni ya mgambo wa halmashauri, trafiki, LATRA (wasimamizi wa usafiri wa ardhini), NEMC (baraza la mazingira) na wenzao. Alafu kuna DENI, hapa yupo TRA (mamlaka ya mapato) na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Ile ya kwanza inasimama juu ya kukiri kwako mwenyewe. Ya pili inasimama juu ya siku ulizokaa kimya. Ukilielewa hilo tu umeshapata nusu ya somo.

HATUA YA 1. Angalia karatasi imeandikwaje juu

Kabla ya kubishana na mtu isome kichwa chake. Kama inasema "notisi", "taarifa ya kosa" au "hati ya kukiri kosa" upo kwenye faini. Kama inasema "makadirio ya kodi" au "hati ya madai" upo kwenye deni, ruka uende hatua ya 4. Na siku hiyo hiyo andika nyuma ya karatasi tarehe uliyoipokea na nani kakupa. Tarehe ya kupokea, sio iliyochapwa kwenye barua, sababu barua inaweza kuchapwa tarehe 3 ikakufikia tarehe 11.

HATUA YA 2. Usisaini kitu hujakisoma

Hapa nitakaa kidogo. Sheria ndogo nyingi za halmashauri zina kipengele kinaitwa kufifilisha kosa, wengine wanaandika kufifisha. Maana yake mkurugenzi anaweza kulimaliza kosa lako bila mahakama, kwa masharti kwamba wewe UMEKIRI KWA MAANDISHI na umekubali kulipa. Soma tena hapo, umekiri kwa maandishi. Bila hiyo saini yako hana cha kufifilisha, inabidi akupeleke kwa hakimu akathibitishe kosa kama anavyothibitisha mtu yeyote.

Dada yangu ana mgahawa mdogo, sitaitaja manispaa. Walikuja saa sita na nusu mchana, muda ambao wateja wamejaa na wali ndo unapakuliwa, wakasema maji machafu yanatoka nje. Nimeiona ile fomu kwa macho yangu, nakala ya kaboni ya rangi ya pinki. Sehemu ya "nakiri kutenda kosa" ilikua imeshawekewa alama ya vema kwa kalamu kabla hata hajaulizwa. Sehemu ya kifungu cha sheria ilikua tupu kabisa, nukta nukta tu. Na yule kijana alikua ameshika fomu kwa mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kiko kwenye mstari wa saini, "weka hapa mama tukuache ufanye biashara". Dada akaweka, laki mbili ikaondoka. Mwaka uliofuata wakaja wengine kwa suala la ndoo za taka na safari hii wakamwandika kama mkosaji wa mara ya pili, sababu kwenye faili kuna karatasi alikiri mwenyewe. Yale maji wala hayakua yake, yalikua ya bomba la ghorofa ya nyuma. Iliniuma sana, na mpaka leo nikimkuta mtu anasaini huku anahesabu chenji ya mteja namshika mkono.

Kwa hiyo useme hivi, kwa upole kabisa bila matusi: "Naomba nisome kwanza. Kosa hili silikubali, naomba nipelekwe mahakamani." Wana haki ya kukupeleka na wewe una haki ya kusikilizwa. Katiba yetu ya 1977 ibara ya 13(6)(a) inakupa haki ya kusikilizwa kikamilifu na kukata rufaa, na ibara ya 107A inasema chombo chenye kauli ya mwisho kwenye utoaji haki ni Mahakama.

Ila sikudanganyi, kama kosa umefanya kweli kufifilisha ni nafuu, unalipa yanaisha unarudi kazini. Ninachokataa mimi ni mtu kukiri asichokijua.

HATUA YA 3. Uliza kifungu, uliza GN, alafu lipa kwa kontrol namba tu

Sheria ndogo haianzi kutumika mpaka itangazwe kwenye Gazeti la Serikali na ipewe namba ya tangazo, ndo hiyo watu wanaita GN. Uliza "ni GN namba ngapi ya mwaka gani, kifungu cha ngapi". Anayejua kazi yake atakujibu bila hasira. Na ukikisoma kile kifungu tafuta neno "isiyozidi". Faini ISIYOZIDI kiasi fulani maana yake hicho ndo kilele, sio bei, unaruhusiwa kuomba ipungue na ueleze kwa nini.

Hela usimpe mtu mkononi wala usitume kwenye namba ya simu ya mtu. Malipo ya serikali ni kwa kontrol namba, tarakimu 12 inaanza na 99, na ukiingiza kwenye simu jina la taasisi linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Likitokea jina la mtu binafsi, acha.

HATUA YA 4. Kama ni kodi, una siku 30

Huku hakuna kukiri. TRA wakikukadiria na wewe ukakaa kimya lile deni linakua halali, na baada ya hapo Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inampa Kamishna Mkuu uwezo wa kuiandikia benki yako ikulipie wewe deni kutoka kwenye akaunti yako, au kukamata mali na kuiuza. Hakimu hayupo kwenye hiyo hatua. Meneja wa benki akipata ile barua hana ujanja, ni lazima atekeleze, usimtukane bure.

Dawa yake ni PINGAMIZI kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu ndani ya siku 30 toka ulipopokea. Na hapa ndo wengi wanakwama: pingamizi halipokelewi mpaka ulipe ile kodi usiyoibishia au theluthi moja ya makadirio yote, kile kilicho kikubwa. Mfano wamekukadiria milioni 18, wewe unakubali milioni 4 tu. Theluthi ni milioni 6, kwa hiyo unalipa 6 na sio 4. Kama huna, unaandika barua kuomba msamaha au upunguziwe hiyo amana, unatoa sababu na ushahidi, sheria inaruhusu. Barua hiyo iende ndani ya zile siku 30, ukienda siku ya 31 unakua umeshageuka muombaji. Pingamizi likishapokelewa kile mnachobishania kinasubiri.

Wakikataa pingamizi unaenda Bodi ya Rufani za Kodi, baadae Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani kwa hoja za kisheria. Ukishinda huko hela inarudi, ila theluthi ya milioni 18 kwa mtu wa kuuza vyombo Mtaa wa Kongo ndo mtaji wote huo, na mimi naona hapa sheria inambana mdogo kuliko mkubwa. Mwenye kampuni kubwa anaweka amana na maisha yanaendelea. Mdogo anaamua kulipa deni asilolikubali ili tu duka lisifungwe.

Mnakumbuka Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalivyofungwa kwa mgomo wa kulalamikia TRA, Waziri Mkuu wa wakati ule Majaliwa akaja Mnazi Mmoja kusikiliza wafanyabiashara, kikosi kazi cha TRA kikasimamishwa. Tulifurahi. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Sababu ni kwamba tamko la kiongozi linamtoa mtu barabarani ila haligusi kifungu, na vile vifungu vya kukusanya kupitia benki na kukamata mali vilibaki palepale kwenye kitabu.

HATUA YA 5. Mahakama ipo, ila ina mlango mrefu

Ukitaka kuishtaki serikali au halmashauri kwa madai unatakiwa utoe notisi ya siku 90 kwanza. Ukitaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wenyewe, yani kama walikua na mamlaka na kama walikusikiliza, hiyo ni mapitio ya mahakama, kibali chake unaomba ndani ya miezi 6. Hapo usiende peke yako, tafuta wakili au watoa msaada wa kisheria, tuna sheria yao toka 2017.

MASWALI YA WANACHAMA

Bajaji_Mbagala: Mkuu trafiki kanipiga 10,000 kosa ambalo sijafanya, kasema nikikataa nalala kituoni. Kweli?

Ndugu yangu, faini ya papo kwa papo kwenye Sheria ya Usalama Barabarani nayo ni kwa mtu aliyekubali kosa. Usipokubali anatakiwa akufungulie kesi. Wewe ndo upime, siku nzima mahakamani na bajaji imesimama kwa ajili ya elfu kumi, wengi wanalipa na siwalaumu. Ukiamua kulipa usipitishe siku 7, inaongezeka. Na kagua deni la chombo kwenye mfumo wa trafiki mara kwa mara, unaweza kukuta kosa la siku ambayo ulikua hospitali.

Mama Nasra: Shikamoo kaka. Mgambo wamebeba jiko langu na masufuria mawili, karatasi hawajaniachia.

Marahaba mama, pole sana. Leo hii hii nenda kwa mtendaji wa kata, nenda na mtu aliyeshuhudia. Omba orodha ya mali walizochukua, kwa maandishi na mhuri, na kifungu walichotumia. Usiende kukomboa kimya kimya kwa hela ya mkononi, maana hapo hutakua na ushahidi kwamba uliwahi hata kuwa na jiko.

mwl_Kigamboni: Mimi Bodi ya Mikopo nimemaliza deni ila bado nakatwa asilimia 15.

Mwalimu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi ipo kisheria na mwajiri analazimika kukata, mahakama haihusiki. Ila wakikata wakati deni limeisha hiyo ni hela yako. Omba taarifa ya deni, linganisha na hati za mshahara mwezi kwa mwezi, mara nyingi shida ni mwajiri hajapeleka au kapeleka kwa namba isiyo yako. Andika barua mbili siku moja, moja kwa Bodi moja kwa mwajiri, zote zigongwe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

mzalendo_Tabata: Unafundisha watu kukwepa kodi. Bila hizo nguvu serikali itakusanya vipi, kesi mahakamani zinachukua miaka.

Hoja yako ya miaka naikubali, kesi zinachelewa na barabara zinataka hela. Ila ndugu, anayepinga ndani ya siku 30 na kuweka theluthi mezani hajakwepa, kafata sheria ile ile unayoitetea. Mimi nataka mtu aambiwe kosa lake, aulizwe, ndo alipe. Taasisi moja ikishika kalamu ya kuandika kosa, ya kuhukumu na ya kuandika risiti, akikosea yule ofisa nani amshike?

duka_la_viatu: Kaka nina barua ya makadirio, milioni 9, nimepokea tarehe 2 nikaiweka kwenye droo nikawa nasubiri nipate mtu wa kuniunganisha na ofisa. Leo tarehe 24. Bado nina nafasi?

Unayo, zimebaki siku 8. Achana na mtu wa kukuunganisha. Kesho asubuhi toa fotokopi ya barua, risiti zako za mashine za kipindi walichokadiria, taarifa ya benki na manunuzi yote. Sababu za pingamizi ziandike kwa Kiswahili cha kawaida, hoja moja moja. Theluthi yako ni milioni 3, kama haipo tuandike na barua ya kuomba upunguziwe, ziende pamoja. Njoo PM (ujumbe wa faragha), ila ukinitumia picha ya barua funika TIN, ile namba yako ya mlipakodi.