Jinsi ya kupiga picha ya yungiyungi ili mtu aweze kukuambia ni aina gani

Watu wanapiga ua moja limefunguka vizuri, kutoka juu, halafu wanauliza hili ni yungiyungi gani. Ua peke yake halitoshi jamani, hata mtaalamu anabaki kukisia, na zile apu za simu zitakupa jina bila wasiwasi wowote na kumbe zimeona petali tu.

Kwanza hakikisha ni yungiyungi kweli. Picha nyingi za Naivasha ni za gugumaji, lile lenye maua ya zambarau yamepangana kwenye shina moja na vikonyo vimevimba. Lotasi nayo ni mmea mwingine, jani lake ni duara zima, halina mpasuko kama la yungiyungi, na mengi yanasimama juu ya maji.

Sasa jani. Ningeambiwa nichague picha moja tu ningechagua jani, tena upande wa chini, kwa hivyo tafuta lililo karibu na ukingo wa bwawa uligeuze na kijiti (ukiwa msitu wa Karura, Nairobi, pale Lily Lake usichume kitu, geuza tu urudishe). Ukingo wa jani ukiwa na meno makali yamejipanga, chini mishipa imetokeza na kuna vinyweleo, fikiria Nymphaea lotus (jina tu, siyo ile lotasi ya juu), lile yungiyungi jeupe la usiku, linafunguka jioni na kufunga asubuhi jua likishapanda. Ukingo ukiwa laini au wa mawimbi na ua la bluu limeinuka juu ya maji mchana, inaelekea Nymphaea nouchali, la bluu linalomea lenyewe huku kwetu. Angalia pia pale kikonyo kinaposhikana na jani kama kuna mche mdogo unachipuka, ni aina chache zinafanya hivyo. Weka sarafu ya shilingi 20 juu ya jani tujue ukubwa.

Rangi inadanganya sana. Simu inageuza bluu kuwa zambarau ama pinki, na nyeupe juani inaungua yote, so piga kivulini au kukiwa na mawingu na ushike karatasi nyeupe kando ya ua. Kama bwawa ni lako rudia ua lilelile kesho na kesho kutwa, kwa sababu siku ya kwanza katikati kuna majimaji na stameni (vile vijiti vyenye chavua) zimeachana, baadaye zinajikunja ndani, na kuna mahuluti (aina zilizozalishwa kwa kuchanganya mbili au zaidi) yanabadilika kutoka njano hadi karibu nyekundu, mtu akaapa ni maua mawili tofauti.

Na piga pembeni pia, ionekane kama ua limekaa juu ya maji ama limesimama.

Kwa mahuluti ya nasari, yaani ya wauza miche, hapo ni ngumu kusema kweli. Tangu mzalishaji mimea Latour-Marliac aanze kuyazalisha kule Ufaransa miaka ya 1870 yameongezeka mno na mengine yanafanana kabisa, kwa hivyo muulize aliyekuuzia alipewa kwa jina gani. Ukituma picha andika saa, mahali, na kama limepandwa ama limejiotea. Ukiambiwa tu "huluti, jeupe, la mchana", liandike hivyohivyo kwenye kibao cha jina pale bwawani, usiliongezee jina.