Maji ya kumwagilia mboga yapimwe baada ya mvua

Anayelima mchicha na matembele bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, anaujua mto wake: mvua kubwa ikinyesha, uchafu wote wa mitaani huteremkia humo, na vyoo vinavyotapika pia. Maji yakitulia yakaonekana meupe, tunayaamini. Tusiyaamini. Hata kisima kifupi kilicho karibu na choo kinaweza kutoa maji maangavu yenye vimelea tele.

Maabara hutafuta E. coli, bakteria wa utumbo wa binadamu na wanyama. Wakionekana, ujue kinyesi kimeingia, na kipindupindu au homa ya matumbo hupita njia hiyohiyo. Kwenye majibu, tazama idadi kwa mililita 100. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata mmoja. Kwa mboga zinazoliwa mbichi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989 uliweka kikomo cha bakteria 1,000 wa kinyesi.

Kipimo huharibikia mikononi mwetu kabla hakijafika maabara. Omba chupa iliyotakaswa hukohuko. Ya soda haifai hata ukiichemshia maji. Ukikuta chembe nyeupe ndani usizisuuze, ni dawa ya kuzima klorini. Usiguse mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko. Mtoni, izamishe kama sentimita 20, mdomo ukitazama maji yanakotoka, usitibue tope. Usijaze hadi juu. Iweke kwenye deli lenye barafu na ifike ndani ya saa 6, kwa sababu njiani bakteria wanaweza kuzaliana au kufa. Majibu hayatoki siku hiyohiyo: bakteria huoteshwa kwenye joto kwa saa 18 hadi 24, ndipo wahesabiwe.

Peleka chupa mbili, moja ya mtoni na nyingine ya pipa unalochotea keni ya kumwagilia, maana pipa bovu huchafua hata maji mazuri. Na upime baada ya mvua za kwanza. Kupima kiangazi peke yake ni kujifariji.

Idadi ikiwa kubwa, mwagilia shinani badala ya majani, na acha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna ili jua liue vimelea. Mboga ukishazing'oa, usizioshe mtoni. Hapo unarudisha kila ulichokiepuka, na mteja wako anakipeleka nyumbani kwa watoto.