SOMO: Umekatiza dawa za kifua kikuu msimu wa korosho? Ukirudi, anzia hapa

Huku kwetu Mtwara nimeliona sana. Mtu yuko mwezi wa pili wa dawa, kikohozi kimekata, mwili umerudi. Korosho zinaanza kudondoka, anafunga virago kwenda shambani Tandahimba. Vidonge vinamwishia huko huko. Januari yuko mjini, anakohoa upya.

Hatua ya 1. Usimeze vidonge ulivyobakiza, wala vya jirani. Ukikatiza dawa, waliokwisha kufa ni vimelea dhaifu. Wanaosalia ni wabishi, na hao ndio wanaozaana. TB sugu, yaani isiyosikia dawa za kawaida, huanza hivyo.

Hatua ya 2. Kliniki sema kweli: niliwahi kutibiwa, niliacha mwezi fulani. Wengi hujibu "sijawahi" kwa kuogopa kugombezwa, na hapo ndipo wanapojiangamiza, maana kuwahi kutumia dawa hizi ndiyo dalili ya kwanza ya kukushuku kuwa una TB sugu. Jitaje pia kama umeishi na mgonjwa wa TB sugu, una VVU, umetoka gerezani au unachimba madini.

Hatua ya 3. Makohozi, si mate. Asubuhi kabla ya kula, sukutua kwa maji matupu, toka nje penye upepo. Vuta pumzi ndefu mara mbili, ya tatu kohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Yanayotakiwa ni mazito, ya kujaza kijiko cha chai hivi. Funga kikopo barabara.

Hatua ya 4. Omba kipimo cha GeneXpert. Mashine hutumia kama saa mbili kuonyesha kama ni TB na kama rifampisini, dawa kuu ya TB, bado inaiweza. Ukitokea zahanati ya mbali jibu litachelewa kwa sababu ya safari ya kikopo, kwa hiyo acha namba ya simu inayopatikana.

MASWALI

*Dada wa Newala:* Mwalimu, nikimeza dawa mkojo unakuwa rangi ya chungwa. Figo?
— Hapana dada, ni rangi ya rifampisini. Macho yakiwa ya njano, hapo kimbia kliniki.

*Kijana wa Ruangwa:* Nasikia TB sugu ni miaka miwili ya sindano, tena mpaka hospitali ya Kibong'oto.
— Hizo ni za zamani, mdogo wangu. Kibong'oto, kule Kilimanjaro, ndiko tiba hiyo ilikoanzia mwaka 2009, ila siku hizi imesogezwa mikoani. Na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya miezi 6 kwa wagonjwa wengi.

*Baba wa Masasi:* Mke wangu amekutwa na sugu. Tumtengee sahani?
— Sahani haina kosa, shemeji. Kinachoambukiza ni hewa. Fungua madirisha, na wewe na watoto wote mkapimwe hata kama hamkohoi.

*Mjomba wa Nachingwea:* Mabibo yameiva. Uraka, pombe yake, kidogo je?
— Mjomba! Ini lako tayari lina kazi ya kuzichakata hizo dawa. Subiri umalize.

*Mama wa Mikindani:* Niko mwezi wa tatu na wiki ijayo nakwenda shamba.
— Mama, kesho beba kadi yako uende kliniki, uwatajie kijiji na zahanati ya karibu nacho. Watakuandikia uhamisho, dawa utazichukulia huko. Usipande gari kabla ya karatasi hiyo.