Kufuatilia nondo wa hariri ya porini, kuanzia kiwavi mpaka anaruka (nilivyofanya huku Sikonge)

Juzi nilikuwa namwelekeza mdogo wangu aliyeko Urambo kwa simu, tukaongea mpaka dakika zikaisha na bado hatujafika nusu, nikasema bora niandike yote hapa. Mimi ni mrina asali, msituni naingia karibu kila wiki, na hawa wadudu nilianza kuwafuatilia baada ya kukuta kiota chao kimejengwa tawi la jirani na mzinga wangu. Ninaowaongelea ni Anaphe panda, wale ambao viwavi wote wanajenga kiota kimoja.

Hatua ya 1: mti
Tafuta mkarati (Bridelia micrantha), unapenda mabondeni na kando ya vijito. Ukianza kuhangaika kwenye mitundu na miyombo huko juu utamaliza siku bure. Kagua chini ya majani, mayai yanatagwa rundo moja, mamia kwa pamoja, na jike anayafunika kwa manyoya ya ncha ya tumbo lake, kwa hiyo ukiona kitu kama kipande cha sufi kimegandishwa chini ya jani usikibandue.

Hatua ya 2: hakikisha ndio wenyewe
Viwavi wanakula pamoja, wanalala pamoja, na wakihama wanapanga foleni moja, kichwa cha huyu kwenye mkia wa mwenzake. Usiwashike kwa mkono mtupu. Ni washawasha kwelikweli.

Hatua ya 3: neti
Hapa msome taratibu jamani. Kiwavi akiwa wazi anaandamwa na ndege, nyigu, na wale nzi wanaotaga juu yake halafu funza wao wanamla kwa ndani, unabaki na wachache sana. Dawa yake ni kulivisha tawi zima mfuko wa neti, hata watafiti wa ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walifanya hivyo msitu wa Kakamega, Kenya. Sasa mimi mwaka wa kwanza nikachukua chandarua cha mbu cha zamani, nikakishona vizuri, nikafunga jioni nikiwa na furaha zangu. Asubuhi nakuta wamedondoka chini ya mfuko, wengine bado wanajikunjakunja, kundi zima limeisha. Nilikaa pale chini ya mti kama saa nzima nawatazama tu. Chandarua kina dawa! Na usidanganyike eti utakifua, vile vyandarua vinatengenezwa ili dawa idumu hata baada ya kufuliwa mara 20, kwa hiyo kufua mara tatu na kuanika juani hakusaidii kitu. Nunua kitambaa cha shela, kile laini cha maharusi, hakina dawa, kinapitisha hewa na mwanga. Neti ya dirishani siipendi kabisa, ngumu, inachana majani. Acha nafasi, mfuko usibane majani, funga kamba pande zote mbili kwenye tawi, na kila baada ya siku mbili tatu fungua asubuhi ukung'ute mavi yao, maana yakilowa mvua yanaota ukungu. Majani yakiisha usiwaokote mmojammoja, kata kijitawi walichokaa ukihamishie tawi jipya. Na kama jirani ana shamba la tumbaku na anapuliza dawa, chagua mti wa mbali, upepo unaileta.

Hatua ya 4: siafu
Paka grisi kwenye tawi wasipite, kama tunavyopaka waya za kuning'inizia mizinga. Basi.

Hatua ya 5: kiota
Wakishiba wanajikusanya na kusuka. Kwa nje ni kahawia kama karatasi ngumu ya khaki, ndani kuna tabaka juu ya tabaka, halafu katikati kila mmoja ana kifukofuko chake. Humo wanageuka pupa na wanakaa muda mrefu, miezi, wewe endelea na kazi zako. Usikipasue kuchungulia! Ndani kumejaa yale manyoya ya viwavi yanayowasha, yakipeperuka yanaingia machoni na puani, mimi niliwashwa siku mbili.

Hatua ya 6: nondo
Nenda jioni na tochi. Anatoka amelowa, mabawa yamesinyaa, anang'ang'ania neti mpaka yanyooke, ndipo unaona rangi: nyeupe ya maziwa yenye michirizi ya kahawia, mwili mnene wa manyoya, jike mkubwa kuliko dume. Hali chochote, anaishi siku chache tu, apandane, atage, basi. Usiku huohuo fungua neti waende.

Hatua ya 7: hariri
Chukua kiota kikishatobolewa na wote wametoka, siyo kabla, la sivyo mwakani huna mbegu. Kilowanishe kwanza manyoya yasiruke, vaa glovu na barakoa, chemsha na magadi mpaka gundi iachie, suuza maji mengi. Usitegemee kuvuta uzi mmoja mrefu kama ule wa hariri ya kufugwa, hii unaichambua na kuisokota kama pamba. Mimi nasokota kwa pia, kile kijiti cha kuzungusha kwa mkono, mashine sijaona haja.